Basi Lililotoa Jasho: Kisa cha Msimu wa Kwanza wa Baridi Kabale

Skrubu ya tatu kutoka mlangoni, kwenye dari ya basi dogo lililogeuzwa nyumba, juu kabisa ya mto wa kulalia, ndiyo iliyoanza. Kuanzia wiki ya pili ya Juni, kila alfajiri tone la maji lilikuwa limening'inia kwenye kichwa chake, likinenepa taratibu hadi linadondoka. Wenye gari wakaamua kwamba paa linavuja. Mume akapanda juu na mirija 3 ya silikoni, akaziba kila mshono na kila tundu lililoachwa na keria ya mizigo ya zamani. Asubuhi iliyofuata tone lilikuwa pale pale. Na mvua haikuwa imenyesha kwa siku 9.

Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa sababu makosa yaliyomo ni ya watu makini. Kila walichofanya kukabili baridi kilikuwa na mantiki yake, na karibu kila kimoja kiliongeza maji ndani ya gari. Kimoja nusura kiwaue.

Gari na wenyewe

Ni Toyota Coaster ya dizeli iliyotoka Japani, urefu mita 7 hivi. Viti vyote vya abiria vimeng'olewa. Kuta na dari zimepigwa plaiwudi ya milimita 6, iliyokazwa kwa skrubu moja kwa moja kwenye mbavu za chuma. Nyuma kuna kitanda cha kudumu cha ubao wa plaiwudi, na juu yake godoro la inchi 6. Jiko ni mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6. Paani kuna paneli moja ya jua ya wati 200.

Wanaoishi humo ni wawili. Mume ni fundi wa umeme wa jua, na kazi zake zinamzungusha Kabale, Rubanda na Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda. Mke ni mshonaji, ana cherehani ya kukanyaga, na hupokea kazi hapo hapo gari lilipoegeshwa. Walikuwa wamekaa miezi 8 kandokando ya Kampala na Masaka bila shida yoyote. Mwezi wa Mei wakahamia Kabale.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, Kabale iko karibu mita 2,000. Mchana hali ni ya kupendeza, nyuzi 23 au 24 za Selsiasi, lakini usiku joto hushuka hadi nyuzi 10, na Juni na Julai wakati mwingine chini ya hapo. Asubuhi ukungu hulala mabondeni hadi saa 3 au saa 4. Kwa mtu wa nyumba ya matofali hayo ni mablanketi mawili na koti. Kwa mtu anayelala ndani ya bati, hewa inayogusa paa lake usiku ndiyo inayopanga kitakachotokea darini.

Ushauri wa baridi ya kwingine

Kabla ya kuhama, wawili hawa walisoma sana jinsi watu wa nchi za theluji wanavyoishi ndani ya magari. Ushauri ule ni mzuri kwa wenyewe. Huko mabomba ya maji hupasuka kwa barafu, matangi ya maji machafu huganda, na betri za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa joto likiwa chini ya sifuri. Hakuna hata moja kati ya hayo litakalokupata Kabale. Barafu ya kudumu ya Uganda iko Rwenzori, karibu na kilele cha Margherita chenye mita 5,109, na hakuna Coaster inayofika huko. Jerikeni la maji lililoachwa nje Kabale usiku kucha litakuwa baridi tu.

Walichochukua kutoka kwenye ushauri huo ni kuziba kila upenyo. Wakaziba matundu ya hewa ya paani kwa sponji na tepu. Wakapiga mpira mpya kwenye mlango. Ukuta wa nyuma wakaujaza sponji ya magodoro chakavu, wakaufunika kwa plaiwudi. Godoro wakalilaza bapa juu ya ubao ili baridi isipite chini. Gari likawa kama chupa iliyokazwa kizibo.

Hesabu ya maji

Nafasi ya kuishi ndani ya gari hili ni kama mita za ujazo 18. Hewa ya nyuzi 18 inaweza kubeba gramu 15.4 za mvuke kwa kila mita ya ujazo, haiwezi kuzidi hapo. Kwa hiyo gari zima linaweza kushika gramu 277. Hewa ya usiku ya Kabale, nyuzi 10 na unyevu wa asilimia 90, inaingia ikiwa tayari na gramu 8.5 kwa kila mita, yaani gramu 153. Nafasi iliyobaki ni ya gramu 124.

Mtu mzima aliyelala hutoa kama gramu 40 za maji kwa saa kwa pumzi na ngozi. Wawili ni gramu 80. Katika gari lililozibwa, nafasi ile inajaa kwa saa 1 na nusu. Wakilala saa 3 usiku, kabla ya saa 5 hewa imeshiba, na kila gramu inayofuata inatafuta mahali pa baridi pa kutua. Hadi alfajiri yamekusanyika maji ya zaidi ya nusu lita. Hapo hatujahesabu chakula cha jioni.

Na chakula cha jioni ndicho kikubwa kuliko vyote. Wengi hawajui kwamba gesi yenyewe inapoungua huzaa maji: kilo 1 ya gesi ya kupikia hutoa kama kilo 1.6 za mvuke wa maji, hata kama sufuria ni tupu. Maharage yanayochemka kwa muda wa saa 2 kwa moto mdogo hula kama gramu 200 za gesi, na hizo pekee ni gramu 320 za maji hewani kabla ya kuhesabu mvuke wa sufuria. Kisha kuna urefu wa kutoka usawa wa bahari. Penye mita 2,000 maji huchemka yakiwa nyuzi 93 hivi, kwa hiyo maharage yaliyokuwa yakiiva kwa saa 1 na nusu Masaka yanaomba saa 2 na zaidi Kabale. Moto unawaka kwa muda mrefu zaidi na mvuke unatoka kwa muda mrefu zaidi, ndani ya gari lisilo na pa kupumulia.

Sasa turudi kwenye skrubu. Ubavu wa chuma umegusana na bati la paa, na bati lina ubaridi wa nje. Skrubu ya chuma imeshika ubavu, imepita kwenye plaiwudi, na kichwa chake kimetokeza chumbani. Plaiwudi yenyewe ni vuguvugu, lakini kichwa cha skrubu kina baridi karibu sawa na paa. Mvuke unatua hapo kwanza, kama unavyotua kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Skrubu ya tatu haikuwa na ubaya wowote. Ilikuwa tu juu ya pua za watu wawili.

Namna ya kutofautisha jasho na uvujaji ni rahisi, na ingewaokolea ile mirija 3 ya silikoni. Kata nailoni ya sentimita 30 kwa 30, ibandike darini kwa tepu pande zote 4 bila kuacha mwanya, iache usiku mmoja usio na mvua na usiku mmoja wa mvua. Maji yakionekana upande wa chumbani, ni mvuke wenu wenyewe. Yakionekana nyuma ya nailoni usiku wa mvua tu, paa linavuja. Hapa yalikuwa upande wa chumbani. Mke ndiye aliyekuwa amelisema zamani: "Baba, mvua inanyesha humu humu ndani."

Kilichokutwa nyuma ya plaiwudi

Wiki ya tatu ya Julai harufu ya ghala iliwafanya wainue godoro. Upande wa chini ulikuwa na madoa meusi ya kuvu kuanzia mabegani hadi kiunoni, umbo la watu wawili waliolala. Ubao chini yake ulikuwa umelowa. Sababu ni ile ile: jasho la mwili hushuka kupitia godoro, likifika kwenye ubao wa baridi usio na hewa chini yake, linageuka maji na kubaki.

Ukuta wa nyuma ulikuwa na hali mbaya zaidi. Plaiwudi ilipofunguliwa, ile sponji ya magodoro ilitoka nzito. Ukiibana mkononi maji yalichirizika hadi kwenye kiwiko. Sponji ya godoro ina vitundu vilivyounganika, kwa hiyo mvuke hupita ndani yake kwa urahisi, hukuta bati, hugeuka maji, na sponji huyashika hapo hapo yakiegemea chuma. Chini, kwenye mshono wa bati na sakafu, kutu ilikuwa imeanza kuinua rangi kwa urefu wa mkono mmoja. Matundu madogo ya kutolea maji chini ya kizingiti cha mlango wa nyuma yalikuwa yamezibwa na tope na nyuzi za sponji.

Kwa hiyo usijaze ukuta wa gari kwa sponji ya godoro, pamba, nguo kuukuu wala zulia. Ni bora ukuta mtupu.

Usiku wa mkaa

Jambo hili ni dogo kwa urefu wa kisa lakini ndilo zito kuliko yote.

Usiku mmoja wa Julai baridi ilizidi. Walikuwa wamepika nje kwa jiko la mkaa. Chakula kilipoisha, makaa yalikuwa yamefunikwa na majivu meupe, hayatoi moshi, hayana harufu. Wakaliingiza jiko ndani, wakafunga mlango. Kando yake ilikuwepo pasi ya mkaa ambayo mke alikuwa ameitumia jioni hiyo kunyoosha sare za shule, nayo bado ina moto. Baada ya saa 1 hivi mke aliamka na kichwa kinauma, kichefuchefu, na miguu haina nguvu. Akadhani ni malaria. Alifungua mlango ili atapike nje, na hewa iliyoingia ndiyo iliyowaokoa wote wawili, kwa sababu mume hakuwa ameamka hata alipoitwa mara mbili.

Makaa yasiyo na moshi ndiyo hatari zaidi, maana mtu hudhani yametulia. Mkaa unaofifia kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi nyingi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ikifika sehemu 800 kwa milioni hewani, kichwa na kichefuchefu huja ndani ya dakika 45, na kifo ndani ya saa 2 hadi 3. Ikifika sehemu 1,600, kifo kinaweza kuja ndani ya saa 1. Gari la mita za ujazo 18 linajaa upesi sana. Na penye mita 2,000, hewa yenyewe ina uzito wa kama asilimia 80 tu ya ile ya pwani, kwa hiyo mwili unaanza ukiwa tayari na oksijeni pungufu.

Dalili ya kukariri ni hii: kichwa kinachouma watu wote ndani kwa pamoja, kikapungua ukitoka nje na kurudi ukiingia. Malaria haina tabia hiyo. Hatua ni kutoka wote, kuacha mlango wazi, kisha kwenda hospitali yenye oksijeni, hata kama mtu anajisikia amepata nafuu. Kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni hakifai hapa. Hakiwezi kutofautisha oksijeni na gesi hii, kitaonyesha namba nzuri kwa mtu anayekufa.

Tunasema bila kupunguza neno: jiko la mkaa haliingii ndani ya gari, likiwaka wala likifa. Pasi ya mkaa vivyo hivyo. Inapigwa pasi nje chini ya turubai, na inalala nje. King'ora cha kaboni monoksaidi cha betri kinunuliwe kabla ya blanketi. Kifungwe ukutani usawa wa mto, maana gesi hii ina uzito karibu sawa na hewa na huchanganyika nayo, kisiwe karibu na dirisha wala ndani ya kabati. Kibonyezwe kitufe cha majaribio kila wiki. Kina tarehe ya mwisho nyuma yake, ikipita kinatupwa.

Gesi ya kupikia ni kinyume chake, ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni. Mtungi uliokuwa chini ya meza ulijengewa kisanduku chenye mlango wa nje, na sakafu ya kisanduku ikatobolewa tundu la sentimita 5 lenye wavu ili gesi ikivuja ianguke chini ya gari. Maungio yalipakwa povu la sabuni. Penye kuvuja povu hutoa mapovu yanayokua.

Dawa yake

Kazi ilianza kwa kufungua walichokiziba. Hili lilikuwa gumu kulikubali, kumwambia mtu anayetetemeka kwamba afungue tundu. Lakini hebu tazama gharama yake. Ili kutoa gramu 80 hadi 100 za maji kwa saa, unahitaji kubadilisha kama mita za ujazo 50 za hewa kila saa. Kuipasha hewa hiyo mpya kwa nyuzi 8 kunakula wati 110 hivi. Miili miwili iliyolala inatoa kama wati 150. Joto linalopotea kwa gari kupumua ni dogo kuliko lile la wenye nyumba wenyewe.

Tundu moja liliwekwa chini karibu na mlango, sentimita 10 kwa 10, lina wavu na kifuniko cha kuzuia mvua. La pili paani upande wa pili, juu ya kitanda, lenye feni ya kompyuta ya volti 12 na upana wa milimita 120, inayotoa hewa nje. Feni hiyo hula kama wati 2.5, usiku mzima ni wati-saa 20. Isukume hewa nje, isivute ndani. Ikivuta ndani, mvuke unasukumwa kwenye mianya ya kuta na kugeuka maji mahali usipopaona.

Hewa peke yake haitoshi, na hapa wengi hukata tamaa. Nje nako kuna unyevu wa asilimia 90, wanasema, hewa hiyo itakausha nini? Inakausha ikipashwa. Ile gramu 8.5 ikifika kwenye nyuzi 18 inakuwa imejaza nusu tu ya uwezo wake na zaidi kidogo, nafasi iliyobaki inabeba pumzi zenu na kuzipeleka nje. Lazima joto na tundu viende pamoja.

Ili joto lisipotee, kuta na dari zilifunguliwa zote na kuwekewa polistarini ya sentimita 2.5, yale mabamba meupe mepesi yanayokuja kwenye maboksi ya televisheni, ila yaliyogandamizwa zaidi. Yalikatwa kwa kisu yakae sawasawa kati ya mbavu, yakabandikwa yagusane na bati bila mwanya nyuma yake, na mishono ikapigwa tepu ya alumini ili mvuke usipenye. Juu ya kila ubavu ukapigwa ukanda wa mpira wa povu wa milimita 5, aina ya mikeka ya kulalia kambini, ndipo plaiwudi ikarudi. Skrubu safari hii zilipigwa kwenye vipande vya mbao vilivyogundishwa kwenye mbavu, zisifike kwenye chuma. Polistarini huwaka na moshi wake ni sumu, kwa hiyo isiachwe wazi popote, na nyuma ya jiko iliwekwa pamba ya mawe na bati badala yake. Mabamba yalipatikana Kampala. Vipuri vya magari vilitoka soko la Kisekka, na kisanduku cha mtungi kilichomelewa Katwe, mtaa wa mafundi vyuma, kote Kampala.

Vioo vilikatiwa vifuniko vya polistarini iliyovikwa kitambaa, vinavyobana kabisa kwenye fremu. Kifuniko kinacholegea ni kibaya kuliko kukosa kifuniko: hewa ya joto hupenya nyuma yake na kioo kinachirizika hadi kwenye mpira. Kwa makadirio, gari la plaiwudi tupu lilikuwa likipoteza kama kilowati 1.3 kwa tofauti ya nyuzi 8 kati ya ndani na nje. Baada ya kazi hii lilipoteza kama wati 600.

Ubao wa kitanda uliondolewa. Zikapigwa mbao nyembamba zilizoachana sentimita 4, na chini yake nafasi ikaachwa tupu, bila masanduku ya nguo yaliyokuwa yamesukumizwa humo. Godoro husimamishwa ubavu kila asubuhi. Kuvu ilipanguswa kwa maji ya sabuni nje ya gari, mtu amevaa barakoa, kisha likaanikwa juani siku 3. Doa lilibaki, harufu ikaondoka. Kama harufu ingebaki, godoro lingetupwa.

Maharage sasa hulowekwa usiku na kupikwa kwa sufuria ya presha, mlango wazi, feni inawaka. Viazi na chai hupikwa sufuria ikiwa na kifuniko. Nguo zilizofuliwa hazianikwi ndani kamwe: suruali moja nzito ya jinzi iliyokamuliwa kwa mkono inaweza kuwa bado na karibu lita nzima ya maji. Alfajiri vioo vinapanguswa kwa kitambaa na kitambaa kinakamuliwa kwenye kikombe, si kwa usafi tu bali kwa kupima. Kabla ya kazi, kikombe kilijaa mara 2. Mwisho wa Agosti yalikuwa maji ya vijiko vichache.

Je, hita?

Walinunua hita ya dizeli ya kilowati 2, ile inayochoma mafuta kwenye chemba iliyofungwa na kutoa moshi nje kwa bomba lake. Tunakubaliana nao kwa sababu moja: hukausha. Moto wa gesi ulio wazi huongeza maji, hita hii haiongezi hata tone. Kwa gari hili ukubwa huo unatosha na kuzidi. Kwa kiwango cha chini kabisa, chini kidogo ya kilowati 1, inapandisha ndani kwa nyuzi 10 juu ya nje. Anayenunua ya kilowati 5 kwa baridi ya Kabale anajitafutia masizi, maana ataiendesha kwa kiwango cha chini muda wote, na moto dhaifu hautakasi chemba.

Urefu wa Kabale unaongeza tatizo hilo. Hewa nyepesi ina oksijeni kidogo, pampu inaleta mafuta kwa kiasi cha pwani, moto unakuwa na mafuta mengi kuliko hewa. Moshi mweusi kwenye bomba ndiyo ishara. Dawa ni kupunguza mapigo ya pampu kwenye mipangilio, na kila siku kuiendesha kwa kiwango cha juu dakika 20 hadi 30 ili iunguze masizi. Bomba la moshi literemke kuelekea nje bila kona inayoshika maji, mdomo wake usiwe chini ya tundu la hewa wala karibu na bomba la kuvuta hewa. Wao huiwasha saa 1 kabla ya kulala na nusu saa kabla ya kuamka. Katikati hapo ni mablanketi na chupa ya mpira ya maji moto: lita 2 zikipoa kutoka nyuzi 80 hadi 30 huachia wati-saa 116, zote ndani ya shuka, mahali zinapotakiwa.

Betri iliyokufa peke yake

Wakati haya yakiendelea, taa zilikuwa zikififia kila usiku ifikapo saa 4. Baridi ilishutumiwa. Ni kweli betri ya risasi na asidi hupoteza sehemu ya uwezo wake kwenye nyuzi 10, lakini kidogo, si kiasi hicho.

Coaster hii ni ya volti 24, betri 2 za volti 12 zimeungwa kwa kufuatana, volti zao zinajumlishwa. Taa, simu na feni zinataka volti 12, na waya ulikuwa umechukuliwa kwenye betri moja tu ya upande wa bodi. Injini ikiwa inanguruma na altaneta ikitoa volti 28.2, betri iliyonyonywa ilipata 13.0 na mwenzake 15.2. Moja inashinda na njaa, nyingine inachemshwa. Ile ya pili ilikuwa na harufu ya yai viza na maji yameshuka chini ya sahani. Inashangaza jinsi kosa hili lilivyo la kawaida hata kwa mafundi wazuri, na huyu alikuwa fundi wa umeme.

Betri za injini ziliachiwa injini. Ikafungwa betri ya tatu, ya aina inayovumilia kushushwa na kupandishwa chaji kila siku, volti 12 na saa-ampea (Ah) 100, inayolishwa na paneli peke yake kupitia kidhibiti chaji, fyuzi iko sentimita chache kutoka kwenye nguzo chanya. Matumizi ya siku ni kama wati-saa 330: hita 100, kuchaji betri za drili 100, taa 60, simu 30, feni 20, redio 20. Betri isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo ina wati-saa 600, usiku mmoja na akiba. Kabale iko kusini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo Juni jua la mchana huwa kaskazini. Paneli iliinuliwa nyuzi 10 kuelekea kaskazini, vya kutosha maji ya mvua yateremke na vumbi. Desemba itageuzwa.

Pa kuegesha

Mwanzo waliegesha bondeni, kwenye ukingo wa kinamasi cha mafunjo, kwa sababu palikuwa bapa. Usiku hewa baridi hushuka milimani na kutulia bondeni kama maji, na mafunjo huipa unyevu. Walipopanda hadi katikati ya mlima, mbele ya duka moja, kipimo cha alfajiri kilipanda kwa nyuzi 2 na ukungu ulibaki chini yao. Mbele ya gari inatazama mashariki, kioo kikubwa kinapata jua la kwanza.

Lakini Septemba mvua zinaanza, na mlima wa Kigezi, yaani ukanda huu wa Kabale, una sheria zake. Gari lisikae chini ya kingo za matuta ya shamba wala kwenye ukingo wa barabara iliyochongwa upya. Udongo ukishiba huteremka wote kwa pamoja. Uwanja uwe wa maramu, ile changarawe ya barabarani, si udongo mwekundu. Mfereji wa sentimita 20 ulichimbwa upande wa juu kuzungusha maji, magurudumu yakakingwa kwa mawe mbele na nyuma, na gari liliegeshwa namna ambayo njia ya kutokea inateremka, ili tope likizidi lisihitaji kupanda.

Ule mshono wa nyuma wenye kutu ulipigwa brashi ya waya, ukapakwa dawa ya kuzuia kutu na rangi ya lami, na matundu ya maji yakazibuliwa kwa waya. Sehemu ya urefu wa sentimita 15 bati lilikuwa limekonda hadi bisibisi inapenya. Hapo pamepigwa kiraka cha muda cha bati na silikoni. Januari, mvua zikikatika, patakatwa na kuchomelewa bati jipya, maana kuchomelea juu ya chuma kilicholowa ni kujiandalia kutu nyingine.